Mti Unakomea Wapi?

Ninyi vijana, nina ulizo moja: mti unakomea wapi? Wengi watajibu kwamba unakomea mwili wote kwa mara moja, sawa mtoto. Hapana, mti hauko vile.

Katika lupango yetu kule Likasi kuna mwembe mzee. Zamani nilipigilia msumari pale, tupate kufunga waya ya kuanikia nguo. Siku moja mjukuu wangu akauliza: "Kambo, muembe inakomea kila mwaka, juu ya nini musumari haipande nayo?" Ni kweli. Msumari uko palepale, sawa na kifua changu, ila ganda linakaribia kuumeza.

Sababu ni hii. Mwili wa mmea umejengwa na vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Seli nyingi zikiisha kukomaa haziongezeki tena. Kazi ya kuongezeka inabaki hasa kwa sehemu chache zenye seli changa: moja inagawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne. Mtaalamu wa Uswisi, Carl Nägeli, aliziita meristemu katika mwaka wa 1858, kutokana na neno la Kigiriki la kugawanya.

Za kwanza ziko kwenye ncha: ncha ya tawi, na ncha ya mzizi, ambayo inavaa kofia ndogo isiumizwe na udongo. Hizo ndizo zinarefusha. Shina la chini limekwisha maliza kurefuka, ndiyo maana msumari haupandi. Nyingine inaitwa kambiumu. Ni ukanda mwembamba unaozunguka shina, kati ya ganda na mbao. Kwa ndani unatengeneza mbao. Kwa nje unatengeneza ganda laini, lile linaloshusha chakula toka majani mpaka mizizi. Huo unanenepesha mti, na ndio unaomeza msumari.

Mambo haya si ya shule tu. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alikuwa akilipa minervali ya watoto kwa embe za mti mmoja. Watu walikuja kila siku kuchuna ganda kwa dawa ya kikohozi, na kidonda kilikwisha kuzunguka zaidi ya nusu ya shina. Nilipomwonya, akajibu: "Baba, bantu banaomba dawa, namna gani nitabakatalia? Na tena angalia, majani ingali mubichi."

"Mama, ile njo inadanganya bantu," nikamwambia. "Majani yanaendelea kupata maji kwa njia ya mbao. Lakini ganda likitoka mviringo mzima, pamoja na kambiumu, chakula hakishuki tena. Mizizi itakufa na njaa, kiisha muti wote."

Siku ileile akazungushia shina miiba. Wenye kuomba walinung'unika, lakini mti ungali hai, na kidonda kinaanza kujifunga pembenipembeni.

Tuangalie na sombe. Ukichuma ncha, macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani yanaamka, kwa kuwa ncha ndiyo ilikuwa inayazuia. Hivi mmea unapata matawi mengi. Katika miaka ya 1990, mishahara ilipokawia, nyumba ngapi ziliokolewa na sombe! Lakini usichume kupita kiasi: majani ndiyo yanalisha mihogo kule chini. Mahindi nayo, katika majuma ya kwanza, yanaficha ncha yao chini ya udongo. Mbuzi akila majani, mara nyingi yanarudi. Mungazi hauna bahati hiyo. Una ncha moja tu. Ukiikata, umeua mti.

Ninyi mnaokata miti ya makala, sikieni pia. Miti mingi ya pori letu la miombo inachipuka kwenye kisiki, kama kisiki kimeachwa na uzima wake. Ukiking'oa, au ukikiunguza kwa moto mkali, umekula na makala ya watoto wako.

Basi kijana, kabla ya kuinua shoka au kisu, jiulize kwanza uzima wa mmea huo umekaa wapi. Ukiisha kupajua, kata pengine.