Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu Naye Ana Mchana Wake

Katika vilima vyetu vya Nzahaha, mzee akianza kupotewa na kumbukumbu, kitu cha kwanza kinachonunuliwa nyumbani mwake aghalabu ni kufuli. Hanunuliwi dawa, kwa kuwa dawa ya kumrudishia kumbukumbu zake haipo. Hapelekwi kwa daktari, kwa kuwa wengi wetu tumekwisha kuamini kwamba huo ni uzee tu, na uzee hauna tiba. Hununuliwa kufuli ili asitoke nje akapotea. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Ni watoto, wakwe na wajukuu wampendao, ambao wamekwisha kumtafuta usiku kwa tochi kando ya barabara, na hawataki kumtafuta tena.

Siandiki haya ili kuwalaumu. Naandika ili kueleza jambo nililolishuhudia katika ukoo wangu mwenyewe, nalo ni hili: saa za mchana za mgonjwa wa namna hiyo ni mzigo ambao majirani wanaweza kugawana, na usipogawanywa huwaangusha watu wawili kwa pamoja, mgonjwa na amtunzaye.

Mama yetu amepita miaka sabini. Maisha yake yote aliyatumia katika kilimo: muhogo na migomba huku juu kilimani, na kazi ya kupandikiza mpunga kule chini katika bonde la Bugarama. Yapata miaka minne sasa tangu alipoanza kuuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Kisha akaanza kuamka alfajiri, kujifunga kitenge kiunoni na kudai kwamba wenzake wanamngoja bondeni, ilhali huko hajakanyaga kwa muda wa miaka kumi. Siku hizi humwita mjukuu wake kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani.

Kaka yangu ni askari, naye yuko kikosini. Mimi ni mtumishi wa serikali, na ingawa nilisomea ualimu na kupata cheti, kazi yangu ni ya ofisini na nashinda huko tangu asubuhi. Kwa hiyo aliyebaki na mama ni wifi yangu, mke wa kaka. Alikuwa na biashara yake ya nyanya katika soko la Bugarama, akaiacha. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba; akaacha kuhudhuria. Siku moja nilipomwuliza habari za mama, alinijibu kwa sauti ya chini: "Wifi, mama hakufungiwa peke yake. Kufuli lile limetufungia sote wawili." Sikuwa na jibu la kumpa siku ile.

Labda msomaji atauliza, ni ugonjwa gani huu? Wataalamu huuita demensia. Si uchawi, si adhabu, wala si uzee wenyewe, maana wako wazee wengi wa miaka tisini wenye akili timamu. Ni kuharibika kwa seli za ubongo, hatua kwa hatua, kwa sababu ya maradhi mbalimbali. Kubwa kuliko yote ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Nao huwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo lasema kwamba katika kila saa 100 za kuwatunza wagonjwa hawa, saa 70 hutolewa na wanawake.

Hapa Rwanda, sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba umri wa kuishi ulikuwa wastani wa miaka 51. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba umefika karibu miaka 70. Hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo inatuletea wazee wengi kuliko waliopata kuwako vilimani mwetu, na baadhi yao watakuwa na ugonjwa huu.

Hata hivyo, si kila asahauye ana demensia. Upungufu wa vitamini fulani, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni nzito, maambukizi mwilini, na hata baadhi ya dawa zaweza kuivuruga akili ya mzee, na mambo hayo hutibika. Kwa hiyo safari ya kwanza na iwe ya kituo cha afya.

Ama kuhusu saa za mchana, mfano ulionipa moyo haukutoka mbali. Umetoka wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita katika vijiji vya huko wakiwapima wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba kati ya kila wazee 100, sita hivi walikuwa na demensia. Baadaye ikaletwa Hai njia moja iliyobuniwa Uingereza, ambayo matokeo ya majaribio yake huko yalitangazwa mwaka 2003. Wagonjwa wachache hukusanyika mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki saba, yaani mikutano 14. Hawapewi dawa wala hawapewi mtihani. Huzungumza, huimba, hushika vitu mikononi, hucheza, husimuliana mambo ya zamani.

Ilibidi njia hiyo ibadilishwe ili ifae Hai, kwa maana wazee wengi wa huko hawakupata kusoma shule, na macho na masikio ya baadhi yao yamefifia. Wazee 34 walishiriki katika makundi manne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba fahamu zao zilichangamka, wasiwasi wao ulipungua, na zile tabia ambazo huwachosha sana watunzaji zilipungua pia.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi. Katika mji wa Leiden, mwaka 1997, mwanasaikolojia Bère Miesen alianzisha mikutano ambamo mgonjwa na mtunzaji wake huketi pamoja na wataalamu na watu wengine, wakanywa kahawa na kuuzungumza ugonjwa huo bila kuona aibu. Mfano wa Hai wamfikiria mgonjwa kwanza; huu wa Leiden wamkumbuka na mtunzaji.

Hapa kwetu hatuna mtaalamu wala jengo. Lakini tuna kivuli cha mparachichi, tuna maharage ya kuchambua, tuna majani ya kusuka, na tuna igisoro, mchezo wa jamii moja na bao la pwani. Tulianza nyumba tatu zenye wagonjwa: mama yetu, mzee mmoja aliyekuwa mwashi, na bibi mmoja asiyesema sana. Jirani yetu, mama mtu mzima asiye na mgonjwa nyumbani, alikubali kukaa nao kila Jumanne, na mhudumu wa afya wa kijiji akakubali Ijumaa. Kila mara huwako pia mtunzaji mmoja kati ya watatu, kwa zamu, ili wawili wapate nafasi. Hukaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita. Uji na chai hutoka katika mchango wa nyumba zote.

Hapo ualimu wangu ulinifaa, ingawa kwa namna ya kugeuzwa kichwa chini. Mwalimu hufundishwa kuuliza maswali ili ajue mwanafunzi amekumbuka nini. Kwa mgonjwa wa demensia, swali la namna hiyo ni kama kibao cha shavuni. Kumwuliza "Unanijua mimi ni nani?" ni kumwonyesha upungufu wake mbele ya watu. Basi sisi hatuulizi. Twamwambia, "Mama, ni mimi binti yako, nimeleta mahindi," kisha twampa hindi mkononi.

Siku moja jirani alipanda kutoka bondeni na konzi ya miche ya mpunga. Mama, ambaye asubuhi ile hakuweza kulitaja jina langu, aliipokea, akaigawa mitatu mitatu, akainama na kutuonyesha jinsi inavyochomekwa katika tope. Kisha akamkemea yule mzee mwashi kwa kuishika vibaya. Mzee naye ana kazi yake: hupewa mawe na kamba, hujenga ukuta mdogo ulionyooka, watoto huubomoa wakicheza, na Ijumaa hujenga tena bila kinyongo.

Jambo moja lataka uangalifu mkubwa kwetu kuliko Hai. Njia hii humwalika mzee akumbuke ya zamani, nasi Wanyarwanda tunajua kwamba katika zamani zetu upo mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mgonjwa aliyesahau ya jana aweza kuyaona ya mwaka ule kana kwamba yanatendeka sasa. Kwa hiyo sisi hutaja kilimo, harusi, chakula na nyimbo za kazi. Mzee akianza mwenyewe kusema ya mwaka ule, tunamsikiliza, tunamshika mkono, wala hatumhoji. Na akizidiwa, mhudumu wa afya huarifu kituo.

Na wifi je? Ijumaa ya kwanza alipopata nafasi, hakwenda popote. Alilala. Wiki iliyofuata alishuka sokoni. Kwa zamu zilivyo, hupata kama saa nne kwa wiki, nazo si nyingi. Lakini amerudi katika kikundi chake cha akiba, na anapomvalisha mama nguo asubuhi, sauti yake imekuwa nyingine.

Kaka alipokuja likizo hakupendezwa. Alisema, "Mama aonekane na kijiji kizima katika hali hii?" Akaahidi kuongeza fedha za matumizi na kuweka mlango imara zaidi. Wifi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa adabu: "Baba watoto, wewe hulinda kwa zamu. Sijasikia askari akiachwa lindoni siku saba, usiku na mchana, bila wa kumpokea. Mimi nani atanipokea?" Kaka hakujibu. Hata leo hapendi watu wamwone mama akilia. Lakini kabla ya kurudi kikosini alitengeneza benchi refu lenye maegemeo, akaliweka chini ya mparachichi.

Nisije nikamdanganya msomaji. Mama hakupona, wala hatapona. Mwaka jana alijua mlango wa chooni. Mwaka huu huelekezwa. Msimu wa mvua hukutana barazani, na baraza halitoshi. Upo ukoo mmoja jirani ambao hadi sasa haumtoi baba yao nje kwa kuona haya, nasi hatuwalazimishi. Twapita tu kusalimu. Na kufuli bado liko mlangoni usiku. Tulichokipata ni mchana, tena mchana wa siku mbili tu.

Lakini vyombo vya kuyaeneza haya tunavyo. Tuna jioni za familia, ambapo wanakijiji hukutana kuzungumza mambo ya nyumba zao. Tuna umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao mazungumzo hufuata baada ya kazi. Tuna wahudumu wa afya katika kila kijiji. Taifa limekwisha kuwajengea nyumba za Impinganzima wale wazee walionusurika mwaka 1994 wakabaki bila mtoto wa kuwatunza, na mojawapo iko hapa hapa wilayani Rusizi. Mzee mwenye watoto hudhaniwa kwamba ameshapata msaada. Mara nyingi msaada huo ni mwanamke mmoja, na hakuna amwulizaye amelala saa ngapi.

Nina neno kwa ndugu zetu polisi. Mkimkuta mzee usiku barabarani, amevaa nguo nyuma mbele na kusema kwamba anakwenda kwa mama yake, msimdhanie mlevi. Msibishane naye kwamba mama yake alikufa. Mwulizeni taratibu mama huyo anakaa kilima gani, tembeeni naye, na mpelekeni kwa mkuu wa kijiji kilicho karibu. Jina la kilima hubaki kichwani hata baada ya majina ya watoto kutoweka.

Na kwenu mlio vikosini, mbali na wazazi: fedha mnazotuma zinafika, na zina kazi. Lakini mpigapo simu, msiulize tu kama mama anakula. Ulizeni ni nani anayempokea zamu mke wenu, au dada yenu, au binti aliyeachishwa masomo ili akae na bibi. Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, basi likizo ijayo piteni nyumba mbili au tatu za jirani kabla hamjapita dukani kununua kufuli. Huenda mkakuta nao wanaye mzee ndani.