Dirisha la Pili

Ujumbe niliusomea nyuma ya jiko la Ma, mahali pekee pale nyumbani ambapo intaneti hushika. Vidole vilikuwa na utomvu wa ndizi, nikakosea nywila mara mbili. Ukurasa ukafunguka. Hukuchaguliwa. Ushindani ulikuwa mkubwa. Unaweza kuomba tena katika awamu ya pili.

Sentensi ya mwisho sikuiona siku ile.

Nilikuwa nimeomba chuo kimoja, kozi moja: udaktari. Kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, hakuna aliyeniuliza kama ningejaza kingine. Nchi nzima hututania Wahaya kwa lile neno nshomile, nimesoma, na sisi hucheka pamoja nao, lakini moyoni tunaliamini. PCB yangu ilikuwa C mbili na D moja. Kwa hesabu ya NECTA hizo ni pointi 10, daraja la pili, na kijiji kilisikia daraja tu. Kwa hesabu ya TCU ni pointi 8. NECTA pointi chache ndizo nzuri, TCU nyingi ndizo nzuri. Mimi mwenyewe nilizichanganya hadi nilipokosa.

Dada yangu hakuweza kunisaidia. Yeye aliomba 2014, enzi za mfumo wa pamoja wa TCU. Tangu 2017 kila mwombaji anajipeleka mwenyewe chuoni, na kila chuo kina ada yake.

Siku nne nilinyamaza. Wageni waliendelea kuja kunipongeza, Ma akiwapa kahawa ya kutafuna, wakiniita daktari, nami nikiitikia. Kilichonikaba si aibu peke yake. Mwanzoni mwa mwaka, kahawa ikiwa ingali maua, Tata alikuwa ameuza butura miti yote ya upande wa bondeni. Serikali inakataza biashara hiyo, na kila mtu anajua kwa nini: mwenye pesa anakununulia mavuno yako kwa bei ya njaa. Tata alijua pia. Alitaka nauli yangu na sanduku la chuo viwe tayari mapema.

Siku ya tano tulikuwa tunageuza kahawa kwenye turubai. Nikamwambia.

Aliendelea kugeuza. Kisha akauliza, "Wamesema hapana, au wamesema subiri?"

Nilitoa simu nikamsomea. Nilipofika sentensi ya mwisho nikaisoma mara mbili.

"Tuombe tena, wanasema."

"Basi tuombe, mwana wange."

Kesho yake nilipanda Hiace ya alfajiri kwenda Bukoba. Kemondo ziwa likaonekana, jeupe kama maziwa, na nilikuwa bado ninapanga kuomba udaktari uleule kwingine. Kijana wa steshenari karibu na stendi ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameshawajazia wengi, hakuwa na muda wa kunibembeleza.

"Mwongozo umesoma?"

Nilikuwa nimesoma sifa za kuingilia, nikaona ninazo, nikafunga. Akaufungua ule mwongozo wa TCU kwenye kompyuta yake, akanionyesha safu ya idadi ya nafasi. Sifa hizi, alisema, ni za kukuruhusu upange foleni. Anayechaguliwa ni aliye mbele kwenye foleni, na mwenye 8 kwenye foleni ya udaktari yuko nje ya geti.

Nilikasirika. Nilitoka nikanunua chai, nikaketi kwenye benchi nikitazama makondakta wakigombea abiria, nikarudi. Tulitafuta kozi ambazo nafasi ni nyingi na pointi zangu zinatosha. Uuguzi. Maabara. Ualimu wa sayansi, kemia na biolojia, vyuo viwili. Maombi ya mkopo wa HESLB nilikuwa nimeshayatuma, cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, ila bila udahili mkopo hauna pa kushikia. Nililipa ada za maombi kwa simu, nikapata namba, nikaziandika kiganjani kwa sababu simu ilikuwa inaishiwa chaji.

Nilirudi jua likishuka. Vijana wa yule mnunuzi walikuwa bondeni wanachuma, wakivuta matawi bila huruma. Tata alikuwa katikati yao anawashikia matawi yasivunjike. Miti bado ilikuwa yake.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba. Umeandika ngapi?"

"Nne."

"Ya udaktari imo?"

"Haimo, Tata."

Aliachia tawi taratibu, likarudi juu. Akatazama kiganja changu chenye namba, akaokota debe tupu, akanipa.

"Shika upande ule," alisema. "Mvua inakuja, na za kwetu ziko kwenye turubai."