Saa Nayo Ina Ubavu wa Kulalia

Msiicheke saa ya kutia ufunguo, jamani. Mimi ndiyo inayonipeleka kibaruani, na kule geti likifungwa saa moja kamili, ujira wa siku umeota mbawa.

Fundi wa mtaani aliifungua, akaifunga. "Nzima hii, kijana. Usiku unailazaje?" Nikadhani utani. Kumbe ndani mna kigurudumu kinachocheza huku na huku bila kupumzika. Saa ikilala chali, mhimili wake husimama juu ya ncha moja, msuguano kidogo. Ikisimama wima, ncha zote mbili hulalia ubavu. Msuguano unazidi, mchezo unapungua. Na kigurudumu kikiwa na upande mzito, uvutano wa dunia haukiachi. Breguet wa Paris alilijua hilo: mwaka 1801 alipata hataza ya kizimba kinachokizungusha, ili makosa ya kila upande yafutane.

Mimi kizimba sina. Nina redio na daftari. Mchana mkononi inachelewa sekunde 5. Usiku, ikining'inia msumarini, inachelewa 6 nyingine. Kwa wiki, dakika nzima na ushei. Ikilala chali inakimbia 4, deni karibu lote limelipwa.

Siku hizi inalala juu ya mswada wa riwaya yangu, inatazama dari. Fundi hakuchukua hata senti.