Funika Sufuria, Lakini Usifunike Ugonjwa



Sisi tuliotoka Kigwena, kusini mwa Rumonge kwenye barabara ya kwenda Nyanza-Lac, tukisikia neno mafuta tunawaza mawese tu. Lakini kuna mafuta mengine, yamo ndani ya majani ya mchaichai, ya nanaa na ya kivumbasi, ambacho kwa Kirundi tunakiita umwenya. Haya hayakai kama mawese, yanaruka na mvuke. Ile harufu unayoisikia ukisugua jani vidoleni, ndiyo mafuta yenyewe. Basi ukichemsha majani bila kufunika sufuria, dawa inajaa nyumbani na mgonjwa anabaki na maji ya rangi.

Je, yanatulizaje tumbo? Utumbo una msuli usiongoja amri yetu. Unajikaza na kulegea wenyewe ili kusukuma chakula. Ukijikaza mno, ndipo tumbo linasokota. Ili ujikaze, madini ya kalsiamu lazima yaingie ndani ya chembe zake kupitia vijilango. Mentoli, iliyo nyingi katika mafuta ya nanaa kali, inaziba vijilango hivyo, na msuli unalegea. Kuhusu kivumbasi, mwaka 2002 watafiti wa Brazil walichapisha kwamba mafuta yake yalilegeza vipande vya utumbo wa simbilisi, yule mnyama tunayemwita kobaye. Kumbe wazee wetu hawakubahatisha! Ila kipande cha utumbo katika maabara si mtoto wako.

Hapo ndipo tunaomba tusikilizane. Kulegeza msuli si kuua kijidudu. Sisi watu wa ziwa tunakijua kipindupindu, Rumonge kimerudi mara nyingi. Anayeharisha anauawa na kuishiwa maji na chumvi. Chai ya majani inaweza kutuliza msokoto, nyumba nzima ikafurahi, kumbe mtoto anaendelea kukauka. Mpeni ORS palepale, anayenyonya aendelee kunyonya, na mkimbieni zahanati. Pakiti ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Pia msingoje chai ifanye kazi mkiona damu chooni, homa kali, kutapika kusikokoma, au tumbo gumu kama ubao.

Na zile chupa ndogo za mafuta makali ya sokoni, msimnyweshe mtoto, wala msimpake mtoto mchanga puani. Mentoli inaweza kumbana pumzi.

Mchaichai hauna makuu, unamea hata kwenye kopo kuukuu mlangoni. Tuupande, tunywe, tupate nafuu. Lakini nafuu isitufumbe macho.