Usimwite Mkaidi

Palikuwa na kijana chuoni kwangu, hodari wa kuhifadhi, lakini ukimwamrisha mambo matatu kwa pamoja husimama asitende hata moja. Nikamwita mkaidi mbele ya wenziwe. Mamake aliniambia, "Maalim, mwanangu si mkaidi, maneno humpotea." Sikumsikiliza.

Leo kijana huyo ni mtu mzima, anafanya kazi katika tanuri la mikate. Nilimkuta na simu yenye picha za kazi yake, moja baada ya nyingine: nawa mikono, pima unga, kanda. Simu humlilia wakati ukifika, naye hutazama akatenda, bila ya kusimamiwa.

Hali yake huitwa usonji. Si utovu wa adabu wala matokeo ya malezi mabaya. Huko Virginia, Marekani, wataalamu waliwachunguza wafanyakazi 50 wenye usonji, wakatangaza matokeo mwaka 2015. Waliopewa chombo kama hicho tangu kuanza kazi walihitaji saa chache za msimamizi kuliko waliocheleweshewa. Lakini hawakutupiwa chombo tu: mtaalamu aliitazama kazi ya kila mmoja, kisha akampangia na kumfundisha.

Basi msomaji, ikiwa unaye kijana kama huyu, usimfiche uani. Itazame kazi aiwezayo, uigawe hatua kwa hatua, umwekee picha zake.

Mimi nilikwenda kwa mamake kuomba radhi. Alinikaribisha kwa mkate alioukanda mwanawe.