Kamba ya Chini

Kokoro la kwanza kulivuta nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa likizo ya Juni, 1976, na babu alinipa kazi aliyowapa wajukuu wote: kukanyaga kamba ya chini. Wanaume wanavuta, mikono miwili ya wavu inakaribiana, na wewe mtoto unatembea na kamba hiyo ukiigandamiza mchangani kwa visigino, samaki asipate upenyo. Ukiteleza, samaki wanakupita kwenye vifundo vya miguu na baba mdogo anakutukana mbele ya mwalo mzima.

Tulikuwa tunatoka Mwanza kwa meli ya Nansio, saa tatu hivi majini, mama na kapu lake la sukari na sabuni, sisi watano tukigombania upande wa kuliangalia Jiwe la Bismarck. Baba alikuwa karani. Alitufikisha, akalala siku mbili, akarudi kazini. Nyumba ya babu ilikuwa juu kidogo, katikati ya michungwa na mihogo, ina vitanda na kila kitu. Hatukuitaka. Tulitaka banda lake la mwaloni: chumba kimoja cha udongo na nyasi, sakafu mchanga mtupu, maji hatua ishirini kutoka mlangoni. Nyavu zilining'inizwa kwenye boriti, kwa hiyo uliamka na magamba kwenye nywele. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa walitandaza karabai zao ziwani, mstari mrefu wa taa unaopanda na kushuka na mawimbi. Mdogo wangu aliamini ule ni mji, akawa kila usiku analia apelekwe. Mwezi ulipojaa mji ukapotea, kwa kuwa dagaa hafuati taa kukiwa na mbalamwezi, naye akatulaumu sisi.

Furu siku hizo hakuna aliyewahesabu kuwa samaki wa maana. Wadogo, miiba mingi, wengine bluu, wengine wana wekundu wa kutu mgongoni. Bibi aliwatunga kwenye vijiti akawaanika juani. Asubuhi moja nikiwachambua niliona jike mmoja koo limetuna. Nikadhani kashiba. Nikambonyeza kidogo, akafungua mdomo, akatema watoto kiganjani mwangu: thelathini labda, kila mmoja kama punje ya ulezi yenye macho mawili na mkia. Walikuwa hai. Nikapiga kelele. Bibi akaja, akatazama, akaniambia niwarudishe majini pamoja na mama yao, haraka. Babu akacheka sana. Akanionyesha mfuko wa kokoro uliojaa pale mchangani, akauliza kama hao wengine nao nitawakamua mmoja mmoja.

Nilijaribu. Nilifika wa nane au wa tisa, nikaitwa kula.

Sangara alipandwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, lakini kwetu alikuja kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yule wa kwanza niliyemwona alikuwa mrefu kuliko mdogo wangu, na alikuwa ameupasua wavu ambao babu aliushona wiki nzima. Bibi akambanika. Mafuta yakachuruzika, moto ukaruka mpaka karibu na nyasi za banda. “Huyu si samaki,” akasema, “huyu ni ng'ombe,” na hakumgusa. Ndani ya miaka miwili mitatu ng'ombe huyo alikuwa akiwajengea watu nyumba za bati. Furu, chakula chake, wakaisha. Simaanishi walipungua, nilitembea ufukoni nikitafuta mmoja tu wa kumwonyesha binti wa shangazi jinsi wanavyotema watoto, nikakosa. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa Mwanza tangu 1977 wakiwachunguza, na kazi iliyoanza kwa kuwatambua ikageuka kuwa ya kuandika waliotoweka. Baadhi wamerudi baadaye. Wengi hapana.

Nilipoingia Chuo cha Uvuvi Nyegezi, mwalimu alichora ubaoni jike la furu na mayai mdomoni, akaeleza kwamba hata sato hulea hivyo, tena kwenye maji mafupi ya ufukoni, na kwamba ndiyo sababu kokoro ni haramu: linafagia chumba cha kulelea. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naangalia visigino vyangu.

Miaka thelathini ya uafisa uvuvi siwezi kuisimulia yote, na mingi ilikuwa ya kusubiri petroli ya boti ya doria. Niwaambie tu asubuhi moja. Tumefika mwalo fulani na vijana wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda mwalo, kokoro limo majini, wavutaji wametuona wakatupa kamba wakakimbilia migombani. Akabaki mtoto mmoja, kaptula ya shule, amesimama palepale na kisigino juu ya kamba ya chini. Hakuna aliyemwambia aache. Nikamwambia toka. Akaniuliza, “Na samaki?” Mahakama ilipotoa amri tuliuchoma ule wavu palepale mwaloni. Nailoni haiwaki kama kuni. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi unaoganda kooni, na mchangani inabaki kama lami. Sheria ni Na. 22 ya mwaka 2003, nimeisoma mbele ya watu mara nyingi kuliko sala. Siku ile niliisoma vibaya.

Babu alipofariki tulikwenda kulivunja banda. Kokoro lake lilikuwa bado kwenye boriti, limejaa vumbi na tando za buibui. Baba mdogo alilishusha akanitazama bila kusema kitu. Nikachukua rula, nikavuta tundu moja la mfuko mpaka likanyooka, nikapima fundo hadi fundo: inchi moja na nusu.

“Haya, afisa,” akasema.

Nikamwambia alikate vipande, azungushie bustani yake ya nyanya, kuku wasiingie. Alikata mikono yote miwili. Mfuko hakuukata, aliutundika mzima juu ya mche wa mchungwa, eti kwa ajili ya ndege, na nilipokwenda Juni iliyofuata mchungwa ulikuwa umeota kupitia matundu, hautoki tena.