Baiskeli Mbili, Pikapu Moja na Kifuniko Chenye Kufuli

Leo hakuna programu wala seva. Naandika kuhusu kubeba baiskeli, lakini msinikimbie. Mtaona tumerudi kwenye habari ya usalama, jambo ambalo watu wa kompyuta hatulichoki.

Mimi na mdogo wangu tunaendesha baiskeli. Tunaishi Nairobi, lakini njia tunazozipenda ziko Naivasha, hasa mbuga ya Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache Kenya ambamo unaruhusiwa kupita na baiskeli karibu na pundamilia na twiga. Ni safari ya kama kilomita 90. Tunakwenda na pikapu ya mzee, Hilux ya milango minne, ambayo siku za kazi hubeba chakula cha ng'ombe.

Kwa miaka mingi baiskeli zilikaa nyuma zimefungwa kwa kamba, wazi kabisa. Njia hiyo ina gharama moja ambayo hakuna anayeiandika kwenye daftari: mlinzi. Tukisimama Mai Mahiu kula, lazima mtu abaki na baiskeli. Na kwa desturi zetu mnajua ni nani anayebaki... mdogo. Kaka anakula kwanza, mdogo anakula baadaye, nyama ikiwa imeshapoa.

Hakuwahi kulalamika. Baiskeli yake aliinunua kwa pesa za vibarua vya miaka miwili, kwa hivyo hata angekaa mezani roho ingebaki nje. Tena alikuwa na sababu. Mwenzetu mmoja aliibiwa baiskeli mchana, katikati ya msongamano wa magari, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Kisu kilikata kamba, baiskeli ikateremshwa, mwizi akaipanda na kwenda zake. Magari yamekuziba mbele na nyuma, utamfukuza na nini?

Mwaka jana mzee aliamua kuweka kifuniko ili chakula cha ng'ombe kisinyeshewe. Vifuniko viko vya aina nyingi. Kile cha turubai ni cha bei nafuu na huzuia mvua, lakini kisu hukipasua. Kuna kigumu cha fiberglasi kinachoinuka kama boneti. Halafu kuna cha vipande vya alumini kinachojiviringa ndani ya boksi, kama mlango wa duka la mtaani, na kina kufuli lake. Mzee alichagua hiki cha tatu.

Nikachukua futi ya kupimia. Nyuma ya pikapu ni takriban sentimita 150 kwa urefu, na boksi la kifuniko linameza kama 25, zinabaki 125. Kina ni kama 48. Nafasi kati ya matuta ya magurudumu ni kama 110. Sasa baiskeli nzima ya milimani ina urefu wa karibu sentimita 180, na gurudumu lake pekee lina kipenyo cha kama 74. Haiwezi kusimama chini ya kifuniko, wala haiwezi kulala ikiwa nzima.

Ukiondoa gurudumu la mbele peke yake, hesabu ni hii: umbali kati ya ekseli mbili, kama 110, ujumlishe nusu ya gurudumu la nyuma, 37. Jibu ni 147. Bado haingii. Ukiondoa yote mawili, fremu inabaki na kama 115. Hapo inaingia! Chuoni tulifundishwa kwamba matatizo ya kupakia vitu ndani ya nafasi ndogo ni magumu hata kwa kompyuta. Hili letu lilimalizwa na spana.

Utaratibu wetu sasa ni huu:

1. Toa magurudumu yote mawili. Kama breki ni za diski za mafuta, ingiza kipande cha plastiki kati ya pedi. Mtu akiminya breki bila diski kuwepo, pedi hubanana na kuzitenganisha ni kazi.

2. Toa pedali. Kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na ya kulia.

3. Chomoa kiti, geuza usukani ulale sambamba na fremu.

4. Laza fremu upande wa cheni ukiwa juu, ili chuma kinachohamisha gia kisibebe uzito. Weka blanketi, kisha ya pili juu yake.

5. Magurudumu manne yanapanda kiti cha nyuma kama abiria, yamefunikwa leso.

Vumbi je? Gari likienda kasi, hewa nyuma yake hupungua nguvu na vumbi hufyonzwa kupitia nyufa za mlango wa nyuma. Ukanda wa mpira ukingoni mwa mlango husaidia sana.

Sasa usalama. Kufuli la kifuniko halina maana kama mlango wa nyuma unafunguka kwa kuvuta tu, na pikapu nyingi ziko hivyo. Tulimpata fundi akaweka kufuli hapo pia. Kisha ndani tunapitisha mnyororo kwenye fremu zote mbili na kwenye pete za chuma za kufungia mizigo.

Mtu ataniuliza, mnyororo wa nini kama hakuna anayeona kilichomo? Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu mzaliwa wa Uholanzi, aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ubaki salama hata adui akiujua wote, mradi tu hana ufunguo. Kuficha ni kuzuri, kunampunguzia mwizi tamaa. Lakini anayetuona tukifunga baiskeli pale Hell's Gate anajua kilichomo. Kwake yeye kifuniko si siri tena, ni kufuli tu, na kufuli lazima lifanye kazi yake.

Msidhani alumini ni ukuta wa benki. Mwizi mwenye mtaimbo na usiku mzima atafungua. Sisi tunanunua nusu saa ya mchana, mahali penye watu. Usiku baiskeli zinalala ndani ya nyumba.

Na hiyo nusu saa ina thamani yake. Kabla ya kufuli, usalama wetu ulikuwa ni mtu, na mtu huyo alikuwa yule ambaye asingeweza kukataa. Tukipima bei ya kifaa tuhesabu pia nani ameacha kusimama juani kwa sababu ya kifaa hicho. Siku hizi tunaagiza nyama kilo moja, sahani moja, na mdogo wangu ananawa mikono wa kwanza. Anakula haraka kuniliko, kumbe!

Haya, niishie hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu.